Barua ya wazi kwa wanaotoa vibali vya silaha: mlango mmeufunga, dirisha mmeliacha

Kwa viongozi wenye dhamana ya kutoa na kusimamia vibali vya silaha,
Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe.

YAH: SILAHA ZENYE KIBALI AMBAZO HAKUNA ANAYEZIULIZA TENA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Uyole. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa wetu kwa vipindi viwili, na utaratibu wa serikali naufahamu: barua hupitia kwa mtendaji, nakala hubaki, mtu husubiri. Nimefuata utaratibu huo mara tatu. Barua zote tatu nilizipeleka kwa mkono kwenye ofisi moja ambayo siitaji, kwa sababu tangu nianze kulisema jambo hili nimeletewa hadithi kama yangu kutoka Mafinga, Makambako na Tunduma, kwa hiyo tatizo si ofisi moja wala mtu mmoja. Nakala ya barua ya tatu imegongwa muhuri wa "Imepokelewa". Muhuri huo ndio jibu pekee nililopata, na ndio maana leo naandika hadharani.

Nianze na kosa langu. Miaka saba iliyopita kamati yetu ilikaa kumjadili mkazi mwenzetu aliyeomba kumiliki bastola. Alikuwa anafanya biashara ya mazao, anasafiri alfajiri na fedha taslimu, na njia zetu za milimani mnazijua. Hakuwa na kesi. Misibani alichanga bila kusukumwa. Mwenyekiti alipouliza nani anaunga mkono, nilinyoosha mkono. Sahihi yangu imo kwenye muhtasari wa siku ile. Baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha hapa asitambulike, lakini sahihi sijaibadilisha.

Mtu yule niliyemnyooshea mkono si yule tena. Biashara ilianguka, mkopo ukabaki, pombe ikaingia. Usiku mmoja mkewe aligonga mlango wangu, mtoto mgongoni, kanga moja kwenye baridi ya Julai. Hakuwa amepigwa. Alisema: "Mwalimu, leo ameiweka mezani. Tunakula ugali, na yenyewe ipo pale, kati ya mboga na maji ya kunawa. Hasemi kitu."

Asubuhi nilikwenda kueleza. Kijana niliyemkuta alinisikiliza kwa heshima, hilo nalikiri. Kisha akauliza, "Bibi, kuna PF3?" Hiyo ni fomu ya polisi ya majeruhi. Nikasema hapana, hajaumizwa. "Kwani ameshampiga mtu risasi?" Nikasema bado. Akafunga daftari.

Waheshimiwa, barua hii yote inatokana na neno hilo "bado". Ninayolalamikia ni haya.

1. Kibali kinampima mtu mara moja, kisha kinamsahau.

Sheria tunayo. Tulikuwa na ya mwaka 1991, ikaja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kupata silaha kwa njia halali katika nchi hii si lelemama. Mwombaji hujadiliwa mtaani kwake na kupanda ngazi za ulinzi na usalama hadi apate au anyimwe. Anayesema Tanzania mtu ananunua bastola kama anavyonunua sukari hajawahi kuiomba. Kwa hiyo siombi mlango uwe mgumu zaidi. Ninalouliza ni nini kinatokea mtu akishaingia ndani.

Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki wa silaha nchi nzima. Watu walipanga foleni na bunduki zao na makaratasi yao. Lilikuwa jambo jema. Lakini ukihakiki namba iliyochongwa kwenye chuma na kuilinganisha na namba iliyo kwenye karatasi, umehakiki chuma. Mwenye chuma hujamgusa. Namba ya bastola ya jirani yangu ni ileile ya miaka saba iliyopita. Kilichobadilika ni yeye.

Msidhani haya ni mawazo ya bibi mmoja wa Uyole. Uingereza ni nchi yenye sheria kali za silaha, na mfano wake ndio unaonikosesha usingizi. Machi 13, 1996, katika mji mdogo wa Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zake zilikuwa na kibali. Miaka mitano kabla, mwaka 1991, askari mmoja alikuwa ameandika kwa wakubwa wake kwamba mtu yule hafai, anyang'anywe kibali. Hakunyang'anywa. Baada ya mauaji ndipo nchi ikatikisika, na mwaka 1997 umiliki wa bastola kwa raia ukapigwa marufuku. Mimi nimefundisha darasa la kwanza. Nikisoma idadi ile naona madawati.

Hadithi haikuishia hapo. Mji wa Plymouth, Agosti 2021, kijana mmoja aliua watu watano kwa shotigani, akiwemo mama yake mzazi na mtoto wa miaka mitatu, kisha akajiua. Shotigani ile polisi walikuwa wameshaichukua Desemba iliyotangulia, baada ya kijana huyo kushambulia vijana wawili. Julai 2021 wakamrudishia. Mwezi mmoja na kidogo baadaye watu wakazikwa. Jopo la raia waliosikiliza mahakamani uchunguzi wa vifo hivyo, mwaka 2023, waliwalaumu vikali polisi wa eneo lile kwa namna walivyosimamia vibali.

Basi mtu akiniuliza kama sheria kali inazuia mauaji ya halaiki, nitamjibu hivi: inazuia pale tu inapoendelea kumwangalia mtu baada ya kumpa. Ile inayomkagua mlangoni na kumpa mgongo imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua.

2. Wanaojua kwanza hawana pa kusemea.

Mtaa mlituuliza wakati wa kutoa. Wakati wa kunyang'anya hamtuulizi. Mke anajua, mpishi anajua, kijana wa bodaboda anayembeba kila usiku kutoka baa anajua. Mjumbe anajua zaidi ya wote, kwa sababu nyumbani kwake ndiko watu wanakimbilia. Lakini ujuzi wote huu hauna dirisha la kupelekwa. Dawati la jinsia la polisi lipo, na limesaidia wanawake wengi, silidharau. Ila mwanamke akilalamika pale kwamba mumewe anamtisha, nani anaangalia kama jina la mume huyo limo kwenye daftari la wenye silaha? Madaftari mawili, pengine kabati mbili za jengo moja, na hayajawahi kusalimiana.

3. Mahali zinapolala.

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu kila mtu analijua. Chini ya godoro. Kwenye sanduku la vitenge. Juu ya kabati la vyombo, ambapo watu wazima wanaamini watoto hawafiki. Desemba 14, 2012, kijana wa Marekani aliua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya Sandy Hook kwa bunduki ambazo mama yake alizinunua kihalali. Alianza kwa kumuua mama huyo nyumbani. Sisi hapa sijawahi kumsikia mtu aliyetembelewa akaulizwa, "Mzee, hebu tuonyeshe unapoifungia."

4. Magobore.

Hapa naomba mnivumilie, maana mkisikia "gobore" akili inakimbilia kwa jangili wa Ruaha na mnafunga mjadala. Gobore ni la majangili, kweli. Lakini pia ni la babu anayefukuza nguruwe pori na nyani kwenye mahindi, amelirithi kwa baba yake, na kwake ni jembe lenye mlio. Limetengenezwa na fundi chuma wa kijijini kwa bomba na mti wa mninga. Halina namba, halina karatasi. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 2004, ambao nchi yetu imo, unataka silaha ziwekewe alama ili zifuatiliwe. Gobore la babu utalifuatilia kwa alama gani?

Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha bila kushitakiwa. Naunga mkono kwa mikono miwili. Shida ni namna tangazo linavyofika. Linasomwa redioni na mkubwa mwenye sauti ya kukemea, mwisho wake ni "atakayekaidi atakiona cha moto", na babu anasikia cha moto tu. Halafu anatakiwa alibebe gobore lake kilomita 30 hadi kituoni, akiomba asikutane na doria njiani. Nani wetu angefanya hivyo? Usangu tumeona wakulima na wafugaji wanavyogombania maji na malisho. Mahali penye ugomvi wa namna hiyo, magobore kumi yasiyojulikana yalipo ni jambo la kuogopa kuliko bastola moja ya mfanyabiashara.

Nitaongeza jambo dogo. Watu wa nyanda hizi bunduki hatukuijua jana. Lugalo, mwaka 1891, jeshi la Mkwawa lilimpiga Mjerumani na kumnyang'anya bunduki zake kwa mamia. Tunajivunia, na tuna haki. Ila kijana anayepita barabarani na shotigani begani akijiona Mkwawa nimemwona kwa macho yangu, na alikuwa amelewa ulanzi.

5. Walinzi.

Mlinzi wa kituo cha mafuta amelala kwenye kiti cha plastiki, shotigani imeegemea pampu. Ana miezi kadhaa hajalipwa, ananiambia mwenyewe. Kampuni ndiyo yenye kibali, yeye amekabidhiwa tu, na kesho atakabidhiwa mwingine. Nani anampima huyo?

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa hayo yote mdomoni, japo si kwa barua.

Mtasema Tanzania si Marekani. Ni kweli, na Mungu aendelee kutusaidia. Marekani raia wana bunduki nyingi kuliko idadi yao wenyewe, kiasi cha 120 kwa kila watu 100. Sisi hatufiki hata karibu. Lakini Agosti 25, 2021, mchana kweupe, karibu na ubalozi wa Ufaransa Dar es Salaam, mtu mmoja aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi kabla hajauawa. Alianza na bastola, kisha akatumia bunduki za askari aliowaua. Mtu mmoja tu alitosha kuisimamisha barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Uchache wa silaha ndio sababu ya kuzisimamia sasa, wakati bado zinahesabika.

Mtasema anayetaka kuua ataua hata kwa panga. Hili ndilo linalopigiwa makofi kila mkutano, na mimi mwenyewe nililiamini. Lakini siku ileile ya Sandy Hook, Desemba 14, 2012, huko Henan, China, mtu mwenye kisu aliingia shule ya msingi akajeruhi watoto zaidi ya 20. Hakufa hata mmoja. Siku moja, shule mbili, watoto wa rika moja. Na Japani, yenye sheria kali kuliko nchi nyingi, Julai 2022 waziri mkuu wake wa zamani, Shinzo Abe, aliuawa kwa bunduki ya kutengeneza nyumbani. Wengine walisema, mnaona, sheria haisaidii. Mimi naona muuaji aliyejitahidi muda mrefu akatengeneza kitu kinachofanana na gobore letu, akaua mtu mmoja. Msiba ni msiba. Lakini kwa chombo kile asingeweza kufanya kilichofanyika Port Arthur, Australia, Aprili 1996, walipokufa watu 35.

Australia hiyo nayo ina la kutufundisha. Baada ya Port Arthur walikubaliana ndani ya wiki mbili, wakanunua na kuharibu silaha zipatazo 650,000, na kila anayeomba akatakiwa aeleze sababu ya kweli. Katika miaka 18 kabla ya hapo walikuwa na matukio 13 ya mtu kuua kwa risasi watu watano au zaidi. Miaka kumi iliyofuata hawakuwa na hata moja. Baadaye misiba imewarudia, kwa hiyo simwambii mtu kwamba sheria ni dawa ya kuponya kabisa. Inapunguza. Kwa mzazi, kupunguza si neno dogo.

Mtasema mtu mwema haigeuzi silaha yake. Wazee wa Iringa wanaikumbuka Krismasi ya mwaka 1971 kule Isimani, mkulima Said Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu. Nani alikuwa na haki katika ugomvi ule wa mashamba, wazee wanabishana hadi leo na mimi simo. Ninachosema ni kwamba Mwamwindi hakuwa jambazi. Alikuwa mkulima mwenye hasira, na bunduki ilikuwa karibu. Mmoja alikufa siku ile, mwingine akanyongwa kwa hukumu ya mahakama.

Jibu lenu lenye uzito ni hili: tukiruhusu kila jirani kulalamika, tutafungulia majungu. Hapo mmenishika, maana nawajua majirani. Mbeya hii watu wametajana uchawi kwa sababu ya mpaka wa shamba, na wengine wamelipia kwa roho. Mtu mwenye wivu na gari la mwenzake hatashindwa kumsingizia kwamba anatishia watu kwa bastola. Nimeliwaza jambo hili usiku mwingi. Nilipofika ni hapa: kinachochukuliwa kiwe silaha, si mtu. Hakuna pingu, hakuna mahabusu, hakuna aibu ya kupakiwa kwenye gari. Silaha ikae ghalani siku 14, mwenyewe apewe stakabadhi, uchunguzi ufanyike. Ikionekana ni uzushi, arudishiwe na mzushi ajibu mashitaka. Mtu mwema akikaa siku 14 bila bastola amepoteza nini? Na yule mwingine akikaa nayo siku hizohizo?

Mkisema hamna gari wala mafuta, njooni Uyole. Tutachanga.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninaomba kwa adabu lakini bila kupepesa.

Kwanza, kila leseni inapohuishwa, mtaa au kijiji kiulizwe upya kuhusu mwenye silaha, na mke au mume wake asikilizwe peke yake, chumba kingine, na mwanamke mwenzake ikiwa ni mke.

Pili, malalamiko ya kutishiwa kwa silaha yashughulikiwe ndani ya saa 48 hata kama hakuna PF3. Damu isiwe sharti.

Tatu, kila jina linaloingia dawati la jinsia litazamwe kwenye daftari la silaha siku hiyohiyo.

Nne, kipindi kijacho cha msamaha wa magobore kipitie kwa wazee wa vijiji, makanisa na misikiti. Gari liende kijijini kuyachukua, na wataalamu wa wanyamapori waje na njia nyingine ya kufukuza nguruwe na tembo, maana ukimnyang'anya babu gobore bila kumwachia kitu umemwambia alale njaa.

Tano, kampuni za ulinzi zitoe orodha ya nani ameshika silaha ipi, zamu ipi. Hii haihitaji hata kikao.

Ninaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Simu nimeshapigiwa, na nimeambiwa "tunalifanyia kazi, mama". Simu haina muhuri.

Wengine watauliza kama yule jirani anajua kuwa ndiye ninayemwandika. Anajua. Jumapili iliyopita tulikutana kanisani, akanisalimu, "Shikamoo, mwalimu," nami nikaitikia. Alikuwa hajanywa, na alionekana amechoka sana. Mkewe alikaa benchi la wanawake na hakunitazama. Mtoto wao mkubwa analala kwangu siku za wiki, tumekubaliana tuseme ni kwa ajili ya masomo ya jioni. Bastola bado iko nyumbani kwao, kwenye kibali nilichokipitisha kwa mkono wangu.

Nakala ya barua ya tatu, yenye muhuri, ninayo. Atakayeihitaji atanikuta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.